Apolonia Asiyeua

Apolonia hakumuua nyoka, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Nyoka alitoka kwenye ghala la mahindi la jirani yake Dorika, mjane mwenzake, mchana kweupe, na wanaume walikuwa tayari wameshika magongo. Apolonia akawaambia wangoje. Akamfunika kwa ndoo, akapitisha ungo chini yake, akambeba hadi kichakani ng'ambo ya barabara ya Segese na kumwachia. "Nenda baba, nenda salama," alimwambia, na watu wakasikia. Kumwokoa nyoka wangeweza kumsamehe. Kumsemesha, hapana.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Alikuwa mpishi mjini Shinyanga, kwa familia ya Kihindi iliyofanya biashara ya pamba. Aliingia kwao msichana, akatoka na mvi. Walikuwa Wajaini, watu wa dini ya kale ya India, na fundisho lao kuu ni kutodhuru kitu chochote chenye uhai. Mwenye nyumba, Mama Hansa, alichuja maji ya kunywa kwa kitambaa asije akameza vidudu, kisha vidudu vyenyewe akavirudisha majini. Chakula cha jioni kililiwa kabla ya giza, kwa sababu taa ikiwashwa wadudu huja kufa. Mwanzoni Apolonia alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Watu wazima na akili zao wanawapisha sisimizi! Lakini mazoea yana tabu. Krismasi moja alimshika kuku wake mwenyewe amchinje, mkono ukakataa, na tangu hapo hakula nyama tena. Viazi nao Wajaini hawakula, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima, ila hapo Apolonia aligoma. Msukuma akiacha michembe, viazi vyake vitamu vya kukausha, atakula nini? Misa hakukosa wala rozari hakuiweka kando. Padri alipomuuliza habari ya nyama, alimjibu kwamba Amri ya Tano inasema usiue, na haikutaja nani.

Familia ilipohamia Dar es Salaam, Apolonia alirudi kijijini kwao. Mwanawe wa pekee, Marcel, yuko machimboni Geita. Kijijini hakuna aliyewahi kusikia habari za Wajaini, na kila alichofanya kilipata maana nyingine. Hali nyama msibani. Anawahi kula jua likiwa juu, jioni ana safari gani? Anazungumza na nyoka. Na macho yake mekundu, kana kwamba kuna bibi aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote akabaki na macho meupe. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Methali hiyo imezika vikongwe wengi katika nchi yetu, na wanaoipenda hawaendi hata kusaidia kuchimba kaburi.

Mvua zilipokolea, mtoto wa Enock akafa. Enock ni jirani wa upande wa bondeni, mtu mwema kabisa kabla ya msiba. Mganga akamwambia amtafute mwanamke asiyekula nyama pamoja na wenzake, kwa kuwa anayo nyama yake ya siri. Asubuhi moja Apolonia alifungua mlango akaukuta mpapai wake umekatwa kwa panga. Haukukatwa chini, kama mtu akatavyo mti anaotaka uondoke. Ulikatwa usawa wa shingo yake. Alirudi ndani akaketi sakafuni. Aliogopa kufa, na zaidi aliogopa namna ya kufa.

Ngassa, kiongozi wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, alikuja kumwona siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mayu," alisema, kwa heshima anayopewa mama.

"Marahaba, baba."

"Mpapai nimeuona. Mimi sikumtuma mtu aukate, lakini vijana siwezi kuwalinda wote. Jumamosi tunaondoa matanga kwa Enock. Njoo. Najua kuchinja si kazi ya mama, lakini siku hiyo utachinja kuku wewe, mbele ya watu, na utakula. Wakikuona umekula, maneno yamekwisha."

"Na nisipokuja?"

"Mayu, njoo."

Marcel alimpigia simu kutoka Geita akaongea kwa hasira, kama waongeavyo watoto wanaoogopa. "Mama, kuku ni kuku. Nije nikuzike kwa ajili ya kuku?"

Apolonia alitafuta upenyo. Labda achinje mtu mwingine, yeye aonje mchuzi tu. Lakini alikumbuka siku mchwa walipoingia stoo ya Mama Hansa, naye akashauri waite mtu wa kupulizia dawa ili wao wasiwe wameua. Mama Hansa alitikisa kichwa. Kuua kuna milango mitatu, alimwambia: mkono wako, mkono uliouagiza, na moyo uliokaa kimya ukaridhia. Yote inaingia nyumba moja.

Jumamosi akaenda. Wakampa tetea mwekundu, na alipomkandamiza chini alihisi moyo wa yule ndege ukidunda kwenye kiganja, mbio mbio, sawasawa na wake mwenyewe. Wawili wale walikuwa wanaogopa kitu kimoja. Akafumba macho akakata.

Kuku akapikwa. Apolonia akapewa paja, akalitafuna mbele ya macho yote, akaisukuma nyama kwa maji. Watu wakaanza kupumua. Mtu akamtania kwamba jino la Kisukuma halisahau. Ngassa akatabasamu. Kwa kitambo kifupi Apolonia alijiona ameokoka, na ilikuwa tamu, haifai kusema uongo.

Ndipo kijana mmoja akauliza, bila hata ukali, "Sasa kama siye huyu, ni nani? Yule nyoka alitoka ghalani kwa nani?"

Vichwa vikageuka. Dorika alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jiko, tonge mkononi. Tonge halikufika mdomoni. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya Apolonia, kwa moshi ule ule.

Hakuna aliyekuwa anamtazama Apolonia tena. Angeweza kumaliza chakula chake, akaaga, akaenda zake nyumbani mzima. Alitamani hivyo kwa nguvu zake zote. Badala yake aliinuka, akaenda na sahani yake, akaketi mkekani hadi bega lake likagusa la Dorika.

"Nimechinja kwa woga tu," alisema. "Kuku yule hakuthibitisha chochote. Hata mchawi angechinja. Kama mnamtafuta asiyekula nyama, ni mimi, na baada ya leo sili tena. Nyoka nilimbeba mimi. Dorika mwacheni."

"Nyamaza," Dorika alinong'ona, "watakuua."

"Najua."

Akasukuma sahani mbali. Kijana yule alimtazama Enock, na Enock alikuwa amesimama. Panga la kukatia kuni lilikuwa limeegemezwa ukutani, karibu na mguu wake. Apolonia alilitazama panga hilo tu, hakuona kingine.

Aliyejongea alikuwa Agatha, mke wa Enock, mama wa marehemu. Tangu mazishi hakuwa amesema neno mbele ya watu. Alikuja akaketi upande wa pili wa Dorika, akafunika magoti kwa kanga.

"Mwanangu alikuwa na homa," alisema. "Nilikuwa naye mimi. Siku alipoanza kutetemeka nilisema twende zahanati, tukaenda kwa mganga. Tukarudi tena kwa mganga. Zahanati tulifika akiwa hamezi tena dawa." Akamtazama mumewe. "Wewe unajua, Baba Abel. Na mimi nilijua, nikanyamaza."

Enock akakaa chini pale pale, akajifunika uso, akaanza kulia.

Ngassa alilichukua panga akalipeleka ndani. Wanawake watatu walibaki mkekani, bega kwa bega, na aliyetetemeka kuliko wote alikuwa Apolonia.