Mpunga Usio na Mwenyewe

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Vita vilikuwa vimekwisha kuigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa, nasi tulikuwa wastaafu watatu wa Nyakabiga tulioamua kwamba vita visitunyime kila kitu. Mimi nilikuwa karani wa posta, Deo mwalimu. Salumu alikuwa ameuza vitenge kule mtaa wa maduka wa Asiatique miaka mingi, kisha akawaachia wanawe duka. Jumamosi, hali ikitulia, tulikwenda kwa miguu hadi mashamba ya mpunga ya Buterere, nje kidogo ya mji, kutazama ndege, tukipokezana darubini ya Deo. Wake zetu walisema tumerudi utotoni. Walisema kweli: mtu akistaafu huona haya kuogopa, kama kijana.

Safari iliyotangulia siku hiyo, gari lilipasuka tairi nikadhani ni risasi, nikajitupa chini. Wenzangu walicheka hadi machozi.

"Karani!" Salumu akasema. "Leo umepiga muhuri na tumbo!"

Kicheko kile kilinikaa moyoni wiki nzima.

Siku ninayoisema, mpunga ulikuwa umeiva. Mimi ni mtoto wa mkulima, nimeamia ndege tangu nina meno ya utoto. Mpunga ukiiva, mashamba hujaa kelele kuanzia alfajiri, watu wakigonga makopo na kupiga ukelele kuwafukuza ndege. Siku ile sikusikia hata kopo moja. Ndege wadogo walikuwa wamefunika masuke, wakila kwa raha, wala hakuna aliyewatupia bonge la udongo. Mkulima hawaachii ndege mpunga wake isipokuwa amekimbia. Nilijua, mwanangu. Nilijua tukiwa bado barabarani.

Deo alifurahi, akasema hajawahi kuona ndege wengi hivyo. Mimi nikasimama. Salumu akageuka.

"Nini tena, muzee? Tumbo inataka muhuri?"

"Apana," nikasema. "Twende."

Tukaenda. Mbele kidogo walitua misambi wawili, wale korongo wenye taji ya dhahabu, na Salumu akainua darubini. Risasi zikatoka kwenye matete. Aliyepiga simjui hadi leo. Nadhani alimwona mtu mwenye darubini, na wakati ule mtu wa namna hiyo alihesabiwa mpelelezi tu. Salumu akaangukia mferejini. Deo nami tulilala matopeni hadi kimya kiliporudi, ndipo tukambeba. Alikata roho kabla hatujafika barabarani. Akazikwa jioni ileile, kama dini yake inavyotaka.

Msibani, mjane wake, Mwajuma, aliniuliza, "Shemeji, hamukuona kitu yoyote?"

"Apana," nikajibu.

Miezi ilipita kabla sijarudi kumwambia ukweli. Alinisikiliza huku akikunja nguo. Hakulia.

"Uliogopa kuchekwa," akasema. "Kweli, angekucheka. Angekuwa amekaa hapo, anakucheka mpaka leo."

Kisha akaniomba nisiende tena kwake, nami sikwenda tena.

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo niliijua tangu shuleni, hata niliwahi kuiandikia insha nikasifiwa mbele ya darasa. Kuijua si kuitii. Basi, mwanangu, ukiona hatari, iseme papo hapo, hata kama wenzako wamekwisha kukuita mwoga. Wakikataa, baki nyuma uwaite tena, uwaite hadi wakuchukie. Atakayekuchukia leo unaweza kupatana naye kesho. Na ukinyamaza likatokea la kutokea, usiongeze uongo juu ya maiti, maana wafiwa wana haki ya kujua.

Mungu akupe ulimi mwepesi pale wangu ulipokuwa mzito. Akupe marafiki wa kukucheka, na akurudishe nao nyumbani nyote mkiwa hai. Amina.