Korti iliitisha kitabu chetu cha mbuzi, na aliyelipa hakuwa mwizi

Wakuu, habari zenu. Hii sitaitia chumvi, maana hata bila chumvi haimezeki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nakaa Mumbuni, karani wa Haji, Msomali mnunuzi wa mbuzi pale Machakos town. Kila mbuzi akinunuliwa, naandika jina la muuzaji na kwao. Hiyo ilikuwa kinga yetu, mbuzi wa wizi asituletee polisi.

Sasa elewa kitu kimoja.

Wauzaji wetu wengi walikuwa akina mama wa Kathiani, wanauza bila mabwana zao kujua. Kwetu mbuzi akishaingia bomani ni wa mzee, hata kama mke alipewa na mamake mzazi. Hao wamama walikuwa wanalipa school fees hivyo, kimya kimya. Haji aliwaahidi kwamba hakuna mtu ataona kile kitabu.

Mmoja wao alikuwa Mama Mutheu. Binti yake Mutheu alikuwa Form Three, na bwanake alishasema msichana akisoma sana haolewi.

Basi mkulima mmoja akampeleka jirani yake kortini, akidai amemwibia mbuzi na kuwauza mjini. Sisi tukaletewa summons: tulete rekodi zote za ununuzi za mwaka huo. Na hatukuwa tumeshtakiwa na mtu!

Haji aliisoma mara mbili. "Kijana, hii kitabu si yangu. Ni ya wale mama. Enda uambie hakimu achukue ile page anataka, zingine aache."

Nikaenda. Nikasema, "Mheshimiwa, humu kuna majina ya watu hawako kwa hii kesi. Naomba yasisomwe."

Wakili wa mkulima akacheka. "Mheshimiwa, huyu shahidi anaficha nini?"

Summons ilisema zote, na mimi sikuwa na wakili wa kunisemea. Hakimu akaamuru yule wakili apewe kitabu, naye akaanza kusoma jina baada ya jina, kwa sauti kama anasoma matangazo ya kanisa, akimtafuta yule jirani.

"Mama Mutheu, Kathiani. Mbuzi wawili."

Bwanake alikuwa benchi ya pili. Mkulima ni ndugu yake, alikuja kumsindikiza. Alisimama, akavaa kofia, akatoka. Wakili aliendelea kusoma.

Na jina la jirani? Halikuwemo. Kitabu kizima, wakuu. Fahali walikuwa wawili, nyasi ikawa Mama Mutheu.

Nina uchungu na yule wakili mpaka leo. Alifunga kitabu akaenda lunch.

Siku ya soko iliyofuata, yule bwana akaja na mbuzi wote waliobaki wa mkewe. Haji alinunua bila kumwangalia usoni. Mimi nikashika kalamu.

"Andika," yule bwana akaniambia. "Leo andika jina yangu."

Nikaandika. Muhula uliofuata Mutheu hakurudi shule.

Nilichojifunza: summons ikikupata na unashikilia siri za watu, usingoje siku ya kesi. Tafuta wakili mapema, apeleke ombi la maandishi korti ichukue kinachohusika tu. Ukingoja kuomba ukiwa umesimama pale mbele, utaonekana wewe ndiye mwizi.

Aliyewahi kuitwa kortini alete vitabu vya wateja, alijiokoa vipi? Tupe hapa chini, hata wa kunitukana karibu.

Kitabu tulirudishiwa, kizima, na stempu ya korti juu. Wale akina mama hatukuwaona tena.