Ramadhani ile wazee walifungishwa, mpaka wasio Waislamu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa zamu na wa kuchungulia.

Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenipata mwenyewe na sitaongeza chumvi. Jina la ile nyumba silitaji, ilishafungwa zamani na sitaki kuvutana na watu.

Ni miaka ya tisini, Mombasa. Mimi msichana tu wa kuuza leso kwenye duka moja la Biashara Street, nakaa Mji wa Kale na nyanya yangu, mamake mamangu. Mamangu alifariki nikiwa mdogo, huyu ndiye aliyenilea. Tulikuwa orofa ya pili, ngazi za mbao zimesimama wima hata kijana anashika ukuta.

Nyanya akaanguka, akavunjika nyonga. Tena ana ugonjwa wa sukari. Mimi niko dukani kutwa, nani amgeuze, nani ampe dawa? Mjomba akasema kuna nyumba ya kutunza wazee upande wa Mbaraki, ni safi, na ina matroni.

Najua mtakalosema, mtaa mzima ulishalisema. Kwetu kumpeleka mzazi kwa watu baki ni aibu. Nilikuwa nikipita barazani watu wananyamaza.

Mwanzo sikuwa na la kulalamikia. Shuka nyeupe, ua limefagiwa. Wazee wa kila aina, wa mjini na wa bara waliostaafu bandarini na reli.

Ikaingia Ramadhani.

Jamani, nyumba ile ilipendeza mwezi ule kuliko miezi yote. Jamaa tulikuwa tukija magharibi na sinia zetu, mikeka inatandikwa uani, uji, kaimati, sambusa, mihogo ya nazi. Wazee wanakula kwa hamu mpaka raha kuwatazama. Kulikuwa na Mzee Mutua, Mkamba aliyestaafu reli, alikuwa anamaliza sahani sisi bado tunatafuna tende. Tukimtania kwamba mapishi ya Waswahili yamemteka. Naye anacheka, anaomba tena.

Nikamuona nyanya naye anafuturu. Nikashangaa, maana daktari alimkataza kufunga, na imamu wa msikiti wetu alimwambia kwa maradhi yake ana ruhusa. Nikamuuliza matroni.

"Tumemkanya, hasikii," akanijibu huku anatabasamu. "Nyanyako ana imani, mashallah."

Nikaamini! Kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mkaidi wa ibada. Nikamgeukia mwenyewe.

"Nyanya, kweli wafunga?"

Akanitazama, akamtazama matroni. "Alhamdulillahi, mwanangu."

Nikajiona nina nyanya bora mji mzima.

Siku moja mwenye duka akafiwa, tukalifunga duka kabla ya adhuhuri. Nikasema niende nikakae na nyanya kidogo kabla ya kurudi kupika.

Askari wa lango akaniambia wageni ni magharibi. Nikampita, nina hasira zangu tangu utotoni.

Ndani kimya. Jikoni kuna kufuli. Nikachungulia dirishani, meko baridi, masufuria yamepinduliwa. Nikasema sawa, ni Ramadhani. Hata hapo kichwa changu kilikuwa bado kimelala!

Mzee Mutua alikuwa kwenye kiti cha veranda. Akaniita kwa mkono, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, uko na kitu cha kula kwa huo mkoba?"

"Mzee, si umefunga?"

"Nani, mimi? Mimi ni mzee wa kanisa! Tumefungishwa. Tangu huu mwezi uanze hakuna chakula cha mchana, asubuhi ni maji tu. Tunangojea hiyo mnaleta nyinyi jioni, basi."

Hapo nikamkumbuka nyanya, nikakimbia.

Nilimkuta ametota jasho, leso imemganda mwilini, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoshikana. Akaniita kwa jina la mamangu.

Kwenye mkoba nilikuwa na tende za kufungulia, ikiwa adhana itanikuta njiani. Nikazivuruga kwa maji kwenye kikombe, nikawa namlisha kidogo kidogo kwa kidole. Nilikuwa nalia na kusoma dua kwa pamoja. Alipoanza kumeza vizuri nikampa Mzee Mutua, aliyekuwa amenifuata mpaka mlangoni, tende zilizobaki, njaa yote ile, na bado akampelekea mwenzake asiyeweza kutoka kitandani.

Matroni akaja anafunga kitambaa kichwani, katoka kulala. Nikamuuliza huyo matroni nyanya amekula nini tangu jana jioni.

"Kupika mchana mwezi huu ni kukosa adabu," akasema. "Na hakuna aliyelalamika."

"Na dawa za sukari?"

"Dawa twampa kila asubuhi. Hatujakosa hata siku moja."

Alisema kwa fahari, wakuu. Dawa ya kushusha sukari, kila asubuhi, kwa kikongwe mwenye tumbo tupu. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Askari yule yule ndiye aliyekimbia kututafutia teksi.

Hospitali daktari aliniambia wazi, ningekuja magharibi kama kawaida yangu, ningekuja kuzika.

Jioni mjomba akaenda kuwaambia jamaa waliokuja na sinia. Wengine walichukua wazee wao palepale. Kuna waliomjibu asiwaharibie futari, mpaka leo sijui niwaweke fungu gani. Mwanawe Mzee Mutua alitumiwa habari, akaja kumchukua.

Nyanya alipopata fahamu nikamlilia.

"Nyanya, kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nina njaa, mwanangu? Mwezi wa Ramadhani, mbele za watu?"

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko kote. Alikuwa radhi afe kuliko kuomba chakula kwenye nyumba ya watu. Amelelewa hivyo, na wakongwe wengi mle wamelelewa hivyo. Matroni alisema kweli, hakuna aliyelalamika.

Funzo langu ni hili. Mzee wako akiwa kwa watu, usiende saa ya wageni. Nenda saa wasiyokutarajia, ingia mpaka jikoni, funua sufuria. Ukitaka kumuuliza kitu, usimuulize mbele ya anayemtunza.

Mliofanya kazi kwenye nyumba hizi, au mna wazazi huko sasa hivi, semeni ukweli wenu hapa chini, hata wa kunipinga.

Nyanya sikumrudisha. Jirani wa chini alitupatia chumba na kumwangalia mchana nikiwa dukani, tukaishi hapo miaka kadhaa mpaka alipofariki. Sikumuuliza tena kama ana njaa. Nilikuwa naweka sahani mbele yake, nakaa hapo mpaka aimalize.