Mbegu za maharagi

Juma hili, kwenye kituo cha afya cha Kashuga, mama mmoja alimsimulia muuguzi habari njema kwa sauti ya kanisani.

"Mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu, amepona! Miezi yote alikuwa analia, halali, hakuli. Sasa iko mutulivu, anacheka. Jana amegawia majirani mbegu yake yote ya maharagi."

Sisi tuliokuwa tukingoja zamu, benchi zima, tuliitikia amina. Muuguzi yeye akauliza:

"Mama, mvua iko karibu. Yeye atapanda nini?"

Mikono ya mama, iliyokuwa juu kwa shukrani, ilishuka taratibu. "Nimemuacha peke yake ku nyumba."

Wakatoka mbio wote wawili. Tuliobaki hatukuthubutu kutazamana, mpaka waliporudi wamemshika mukamwana mkono, akiwa mzima.

Muuguzi akamuuliza waziwazi: "Dada, unawaza kujiua?"

Mama mkwe akamziba muuguzi mdomo. "Usitaje! Utamutia wazo!"

"Muache aulize," mukamwana akasema, machozi yakimtoka. "Hakuna mwingine ameniuliza."

Alilazwa palepale, na matibabu yakaanza. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba mkulima hagawi mbegu yote mvua ikikaribia. Sisi tulisema amina.