Bi Gia na Lori Lisilopigwa Breki

Saa kumi na moja jioni Bi Gia ameketi kwenye meza ya jikoni, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, analikodolea macho swali lililomshinda jana. Lori linashuka mlima kwa kasi ya mita nane kwa sekunde. Kila sekunde kasi inaongezeka kwa nusu mita. Baada ya sekunde ishirini, litakuwa na kasi gani?

Anaandika: nane.

"Mama!" Binti yake, mwalimu wa fizikia sekondari, anaacha kumenya vitunguu. "Nane ndiyo uliyoanza nayo. Kasi iliyoongezeka iko wapi?"

"Haijaongezeka. Nimerudisha gia."

"Nani kakwambia urudishe gia? Swali halina gia!"

"Basi hilo lori bovu. Na lori bovu, mwanangu, haliingii barabarani."

Madereva wenzake ndio waliompa jina la Bi Gia. Husema akishika usukani, breki huenda likizo: mteremkoni hupunguza mwendo kwa kurudisha gia. Ameendesha malori ya mizigo tangu binti huyu ananyonya. Sasa goti la kushoto, la klachi, limegoma. Kampuni imekubali kumhamishia yadi ya mafunzo awe mkufunzi, kwa sharti apasi mtihani wa nadharia. Ameshaanguka mara mbili. Akianguka tena Jumamosi, nafasi atapewa mwingine, na kazi nyingine ya kufanya na goti hilo hana.

Kanuni yenyewe ni fupi: zidisha mchapuko, yaani kiasi cha kasi kinachoongezeka kila sekunde, kwa muda, kisha jumlisha na kasi ya mwanzo. Bi Gia anaikariri bila kukosea. Maswali ya lori linaloondoka kituoni anayapata yote. Likifika mteremkoni tu, mkono wake unakataa.

"Darasani ningekuwa na mwanafunzi kama wewe ningemtoa nje," anasema binti.

"Nitoe. Nyumba ya nani hii?"

Binti anaweka kisu chini, anashusha pumzi. "Haya, mama. Dereva kasinzia. Mguu hauko kwenye breki wala klachi. Sekunde ishirini."

Bi Gia anamtazama, kisha anaandika. Nusu mara ishirini, kumi. Kumi jumlisha nane, kumi na nane. Bila kuombwa anaigeuza kuwa kilomita kwa saa, lugha ya dashibodi.

"Karibu sitini na tano!" anafoka. "Mteremkoni! Na mzigo juu! Mbona hamkusema mapema kwamba humo ndani hakuna mtu?"

"Fizikia haina mtu, mama."

"Ndiyo maana mnatuangusha."

Giza linapoanza kuingia ameshafanya maswali mengine ya mteremko, yote sahihi, huku akimtukana dereva wa kila swali. Akipasi, anasema, wanafunzi wake yadini wataanza na swali hilohilo.

"Atakayeniletea kumi na nane nitampa alama zake," anasema. "Halafu nitamuuliza: sekunde zote hizo, wewe ulikuwa unafanya nini?"