Mke wangu aliendelea kumpisha baba yangu njia, na baba tulishamzika

Wakuu, salaam. Haya yametokea nyumbani kwangu Ikolo, na mke wangu ameniruhusu kuyaandika. Sitatia chumvi.

Baba yangu alikuwa Mnyakyusa wa zamani. Kwake, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Kabla ya kupita uani alikohoa, kikohozi kizito cha kutoka kifuani, na Mama Tumaini, mke wangu, alijificha migombani mpaka mtu apaze sauti: "Amepita!" Ndipo akatoka.

Najua mtacheka. Sisi tulizoea.

Baba akafariki, tukamzika hapo hapo nyumbani, kando ya mikakao.

Matanga yalipokwisha, mke wangu aliendelea kujificha. Mchana kweupe, hata jani halitikisiki, anaacha sufuria jikoni na kwenda kusimama migombani, uso ameuelekeza kwenye shina.

"Anakohoa," aliniambia.

Mimi sikusikia kitu.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta Tumaini, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, ukingoni mwa mfereji wa shamba la mpunga. Mama yake alikuwa karibu tu, migombani, analia bila sauti. Yeye alimwona mtoto. Kutoka hakuweza.

Kaka zangu wakaamua: arudishwe kwao Busale, mtoto abaki.

Nikaomba kwanza nimpeleke Kyela mjini kwa mnasihi wa afya ya akili, Bi Zuhura, mwenyeji wa Tanga. Nilitarajia vidonge na jina la ugonjwa. Yeye aliuliza habari za usingizi, chakula na kunyonyesha, kisha akasema: "Mimi mgeni huku, mwanangu, nifundishe. Kwetu mkwe asipompelekea baba mkwe chai, hiyo kesi!"

Mke wangu akacheka. Tangu msiba sikuwa nimekisikia kicheko kile.

"Haya, akikohoa unajificha. Nani hukwambia utoke?"

Mke wangu akaacha kucheka.

"Hakuna. Tangu afe, hakuna aliyesema amepita."

Bi Zuhura hakubishana kama kikohozi kipo au hakipo. Alinigeukia: "Baba Tumaini, katika ukoo wenu nani anaweza kulisema hilo?"

Shangazi, dada yake baba. Tulipomweleza alishika mdomo. "Jamani! Mzee tumemuaga vizuri, mkwe tukamsahau migombani!"

Akaja nyumbani. Alisubiri mke wangu ajifiche, ndipo akaita: "Mwanangu, amepita. Toka."

Akatoka, majani makavu nyweleni, akamnyanyua Tumaini mkekani.

Kwa Bi Zuhura bado anahudhuria. Kujificha kumekoma, na habari ya Busale imezikwa.

Ila juzi nilikuwa navuna kakao. Nyuma yangu nikasikia kikohozi, kizito, cha kutoka kifuani. Miguu ikanitoa njiani yenyewe. Nikasimama nyuma ya mgomba, siwezi kugeuka.

Sikuwa nimetoa sauti yoyote. Na kutoka jikoni mke wangu akaita:

"Amepita, Baba Tumaini! Njoo ule."

Nilichojifunza ni kwamba mtaalamu mzuri haanzi kwa kukukanushia unachokisikia. Anauliza kwenu jambo hilo huishaje.

Wenye uzoefu na wanasihi, leteni maoni. Nanyi wengine, nauliza kwa dhati: kwenu, nani humwambia aliyebaki kwamba marehemu amepita?

Ndaga fijo kwa kunisoma.