"Kukaa meza": vile Baraka ilitucheka miaka ya hamsini

Wakuu, jambo yenu. Mi ni mama muzee wa Baraka, muji ya kwetu Kongo, pembeni ya ziwa Tanganyika. Macho haioni herufi tena, basi mujukuu anaandika kwa simu, mi nasema. Sitaongeza chumvi, hii habari iko nayo ya kutosha.

Munabishana hapa juu ya maneno ya mutaani. Shikeni moja ya kwetu: "kukaa meza".

Wakati wa Babelgiji, bwana yangu alikuwa karani kwenye depo ya pamba. Alitaka karte ya évolué, karatasi ya serikali ya mutu mweusi mwenye "ameendelea" sawa bazungu. Ukiwa nayo hauchapwe fimbo, na unaitwa Monsieur.

Lakini kwanza bazungu banakuja kwako kuangalia. Iko mashuka? Iko fourchette, uma ya kulia? Bibi na bwana banakula pamoja?

Ile wakati "anakaa meza" ilikuwa sifa. Bwana yangu akaleta meza toka Uvira juu ya camion, lori ya mizigo, tukaanza kujifunza. Ye anapigana na kisu, mi nazuia cheko.
(Mujukuu, andika yote, usiruke.)

Siku ya commission, bale bazungu ba kuangalia, mama yangu alikuwa amefika toka Kilembwe na kikapo ya karanga. Akajificha jikoni. Kwetu Babembe, mukwe hatafune mbele ya mama ya bibi yake. Hapana kabisa! Ni haya yenye inavunja ndoa.

Muzungu akamuona. "Huyu ni nani?"

"Mama ya madame."

"Na unamuacha nje? Évolué gani huyu?"

Akavuta kiti ye mwenyewe, na roho nzuri, akamukalisha mama uso kwa uso na mukwe wake.

Bwana yangu angeeleza tu. Alisema nini? "Oui, monsieur." Akakata mukeke, ile samaki ya mu sahani yake, akatia mu kinywa, akatafuna.

Jamani!

Mama akafunika uso na kitenge, akatoka. Asubuhi tukashika njia ya Kilembwe, ye, mi na batoto. Nilikuwa na hasira ya kweli.

Sasa sikieni. Commission ikarudi kumaliza kazi. Balikuta mashuka, fourchette, monsieur na kravati shingoni. Bibi? Haiko. Bakasema mutu mwenye haishi na bibi yake hajaendelea. Karte, bakamunyima!

Kuanzia pale, mupaka bavuvi ba Mboko, mutu akijipendekeza kwa bakubwa hata anapoteza vyake, balisema: "Huyu amekaa meza." Bwana yangu alipita soko kichwa chini.

Akafika Kilembwe na mbuzi ya kuomba musamaha. Mama akamujibu toka nyuma ya ukuta: "Mbuzi nimepokea. Chukua bibi yako. Lakini ile meza, pasua kuni."

Mi nikasema: "Hapana, mama. Ibaki."

Nikamugeukia bwana yangu: "Ulinikalisha pale sababu ya bazungu. Sasa utanikalisha bila muzungu, kila siku. Ukikatala, rudi peke yako."

Akakubali. Mama akikuja, anakula jikoni na heshima yake. Siku zingine, mi na bwana yangu kwa meza pamoja, tunaongea, mupaka Mungu akamuchukua.

Bamama ba Baraka bakageuza neno tena. "Anakaa meza" ikawa bibi mwenye anasikilizwa kwake.

Nilichojifunza: heshima ya kuonyesha bageni, ngoja bageni baende ndio uipime.

Haya wakuu, kwenu bibi anakula wapi kama mugeni haiko? Semeni kweli. Mujukuu atanisomea yote.